Saratani Iliyosemekana Haipo: Historia ya Bakteria wa Tumboni na Nchi ya Nakuru

Mwaka 1937 Mary Leakey alianza kuchimba kwenye kilima cha mawe kilicho nje kidogo ya mji wa Nakuru, mahali ambapo pimbi huota jua juu ya miamba. Kilima hicho, Hyrax Hill, kilikuwa na makaburi ya watu walioishi hapo zamani sana. Mwaka uliofuata yeye na mumewe, Louis, walichimba pango moja kando ya Mto Njoro, wakakuta mabaki ya watu wengi waliochomwa moto kabla ya kulazwa humo, pamoja na shanga na bakuli za mawe. Hao walikuwa wafugaji wa Bonde la Ufa, watu walioishi kati ya Naivasha, Elmenteita na Mau miaka 3,000 hivi iliyopita.

Mifupa husimulia mengi, lakini tumbo huoza. Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kujua watu hao walikuwa na nini tumboni mwao. Leo tunaweza kulijibu swali hilo kwa njia ya mzunguko, na jibu linawagusa wakazi wa Bondeni, Kaptembwa, Molo na Gilgil kama lilivyowagusa wafugaji wale. Karibu nusu ya watu wote duniani hubeba tumboni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, ambaye wagonjwa wa Kenya wamezoea kumwita H. pylori. Ndiye chanzo kikubwa cha vidonda vya tumbo. Ndiye pia, baada ya miaka mingi, chanzo kikuu cha saratani ya tumbo. Madaktari wengi waliwahi kuamini kwamba saratani hiyo ni ya Wajapani na Wazungu, na kwamba Mwafrika ameepushwa nayo. Imani hiyo ilijengwa juu ya kutotazama, na watu wamekufa kwa sababu yake.

Mkazi wa kale

H. pylori hana makao mengine ya maana isipokuwa tumbo la binadamu. Hupita kutoka mtu hadi mtu, na mara nyingi kutoka kwa mama au ndugu hadi kwa mtoto mdogo, ndani ya nyumba moja. Kwa hiyo ukoo wa bakteria hufuata ukoo wa watu. Mwaka 2007 kundi la wanasayansi lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kulinganisha jeni za bakteria hawa kutoka pembe nyingi za dunia. Walionyesha kwamba binadamu walipotoka Afrika Mashariki yapata miaka 58,000 iliyopita, bakteria huyu alikuwa tayari tumboni mwao. Utafiti uliofuata ulisogeza urafiki huo nyuma zaidi, hadi miaka 100,000 au kuzidi.

Ndani ya Afrika kwenyewe bakteria wamegawanyika kwa koo. Upo ukoo unaopatikana sana kwa wasemaji wa lugha za Nilo-Sahara wa kaskazini mashariki mwa bara, na upo mwingine ulioenea pamoja na wasemaji wa lugha za Kibantu. Nakuru iko mahali ambapo safari hizo mbili zilikutana. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya DNA iliyotolewa kwenye mifupa ya kale ya Kenya na Tanzania, ikiwemo ya Hyrax Hill, Molo na Naivasha. Waliona damu ya wafugaji waliotoka kaskazini ikichanganyika na ya wawindaji waliowatangulia. Baadaye wakaja watangulizi wa Wakalenjin na Wamaasai, kisha Wabantu wakulima. Kila kundi lilikuja na mifugo au mbegu zake, na lugha yake. Kwa jinsi bakteria huyu anavyorithishwa, kila kundi lilikuja pia na ukoo wake wa H. pylori.

Basi huyu si ugonjwa wa mjini, wala hakuletwa na chipsi na soda. Mwaka 2016 alipatikana hata tumboni mwa Ötzi, mtu aliyeganda katika barafu ya milima ya Alps kwa zaidi ya miaka 5,000. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Huyu yuko ndani zaidi ya nguo.

Anaishije ndani ya tindikali

Tumbo lina tindikali kali inayoua karibu kila kijidudu kinachoingia na chakula. H. pylori ameipatia dawa. Hutengeneza kimeng'enya kiitwacho urease, kinachovunja urea na kutoa amonia, na amonia hiyo hupoza tindikali iliyo karibu naye. Umbo lake limejipinda, na ana mikia anayoitumia kuogelea hadi ndani ya ute mzito unaolinda ukuta wa tumbo. Huko chini, tindikali haimfikii sawasawa. Hujishikiza kwenye seli za utando na kukaa.

Mwili humwona, na hutuma askari wake. Lakini askari hao hawamng'oi. Vita visivyo na mshindi huanza utotoni na kuendelea miaka 30, 40, hata 60. Utando hubaki na mchochota wa kudumu. Kwa watu wengi mchochota huo hautoi dalili yoyote. Kwa wengine huleta kidonda. Kwa wachache, mtu 1 hadi 3 kati ya kila 100 walioambukizwa, safari huishia kwenye saratani. Hesabu hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke walioambukizwa ni wangapi. Mwaka 2022 watu wapatao 968,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo, na wapatao 660,000 walikufa kwayo.

Reli, mashamba na laini

Mwanzoni mwa karne ya 20 Reli ya Uganda ilikuwa imekwisha kupita Nakuru, na mwaka 1901 ilifika Kisumu. Nyuma yake walikuja walowezi, na nchi kati ya Naivasha na Molo ikakatwa kuwa mashamba makubwa ya mahindi, ngano, mifugo na baadaye pareto. Sheria ya mwaka 1918 iliwalazimu Waafrika waliokaa kwenye mashamba hayo kumfanyia mzungu kazi ya siku 180 kwa mwaka. Familia kutoka Kiambu, Murang'a, Kericho, Kakamega na Kisumu zilikusanyika katika laini za vibarua: chumba kimoja, moto mmoja katikati, watoto wanne au watano kitanda kimoja, maji ya mto au ya mtaro.

Hakuna mazingira yanayompendeza H. pylori kuliko hayo. Hupita kwa mate, kwa matapishi, na kwa kinyesi kinachofika kwenye maji au mikononi. Msongamano wa watu na uhaba wa maji safi ndiyo barabara yake kuu. Mtoto aliyelelewa kwenye laini alimpata mapema, mara nyingi kabla ya kwenda shule, naye alipokuwa mzazi akampitisha kwa wanawe. Watu wa zamani walikuwa naye, lakini maisha ya laini yalihakikisha kwamba karibu hakuna mtoto anayemkwepa. Na laini hizo hazikwisha siku ya uhuru mwaka 1963. Zilibadilika tu jina na mahali, zikawa vyumba vya kupanga katika mitaa ya Nakuru, na nyumba za wafanyakazi wa mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha.

Madaktari wa wakati huo hawakuwa wakimtafuta bakteria yeyote tumboni, si Nakuru tu, bali popote. Walishamwona, wakampuuza. Mwaka 1893 Giulio Bizzozero wa Italia alieleza vijidudu vilivyojipinda ndani ya matumbo ya mbwa. Johannes Fibiger wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1926 kwa kudai kwamba minyoo ilileta saratani matumboni mwa panya, na dai hilo lilipokuja kubainika kuwa si sahihi, wazo zima la saratani kuletwa na kiumbe hai likachekwa. Mwaka 1954 daktari mmoja Mmarekani alichunguza vipande vya matumbo ya watu zaidi ya 1,000, akatangaza kwamba hakuona bakteria. Toka hapo vitabu vya udaktari vikafunga mjadala: tumbo ni safi kwa sababu lina tindikali, na vidonda huletwa na wasiwasi, pilipili na pombe. Mgonjwa aliambiwa apunguze mawazo na anywe maziwa.

Ramani za Burkitt

Sauti moja ya kupinga dhihaka hiyo kuhusu saratani na viumbe hai ilitoka hapa kwetu, ingawa haikuhusu tumbo. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago jijini Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akaona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe huo, aina ya saratani iitwayo limfoma, ambao leo unabeba jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kusafiri maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmeuona uvimbe huu?

Ramani waliyoichora ilionyesha kwamba ugonjwa huo uliishia mahali nchi ilipopanda. Katika Afrika Mashariki, juu ya mita 1,500 hivi, ulikuwa nadra. Nakuru, iliyo karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, ilikuwa nje ya mpaka wake. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe uliotoka Uganda. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kwamba kirusi kinaweza kuwa sehemu ya chanzo cha saratani ya binadamu.

Burkitt na wenzake hawakuishia kwenye taya. Katika miaka ya 1960 waliendelea kukusanya habari za saratani zote kutoka hospitali za misheni za Afrika Mashariki na Kati. Saratani ya tumbo iliwapa ramani ya aina nyingine kabisa. Ilionekana zaidi kwenye nchi za juu: kuzunguka Kilimanjaro, Rwanda, Burundi na milima ya mashariki mwa Kongo. Kule ambako limfoma ya watoto ilishindwa kupanda, saratani ya tumbo ilikuwa imekaa. Ramani hiyo ilikuwa onyo kwa kila mtu aliyeishi kwenye miinuko, lakini wachache waliisoma hivyo. Katika vyuo vya Ulaya kauli iliyobaki ni kwamba saratani ya tumbo ni adimu kwa Mwafrika.

Perth, 1979 hadi 1984

Tarehe 11 Juni 1979, mwanapatholojia Robin Warren wa Royal Perth Hospital, magharibi mwa Australia, aliona kitu cha buluu kikiwa kimetanda juu ya kipande cha utando wa tumbo. Alipokikuza kwenye hadubini aliona bakteria wengi waliojipinda. Wenzake hawakutilia maanani. Mwaka 1981 alijiunga naye daktari kijana, Barry Marshall, wakaanza kuchunguza wagonjwa 100 na kujaribu kumkuza bakteria huyo maabara. Mara zaidi ya 30 walishindwa, kwa kuwa sahani zilitupwa baada ya siku mbili. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1982 maabara ilizidiwa na kazi, sahani zikaachwa siku tano, na bakteria wakaota. Kumbe hukua polepole tu, si kwamba hawezi kukuzwa.

Watu bado walikataa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mchuzi uliojaa bakteria hao. Katika muda wa wiki moja alianza kutapika na kunuka mdomo, na kamera ilipoingizwa tumboni mwake ilionyesha mchochota ambao hakuwa nao kabla. Alitumia dawa, akapona. Jina Helicobacter pylori lilitolewa mwaka 1989. Mwaka 2005 Marshall na Warren walipokea Tuzo ya Nobel.

Vidonda vilikuwa vimepata chanzo. Saratani je? Mwaka 1991 zilichapishwa tafiti kutoka California, Hawaii na Uingereza zilizotumia damu iliyohifadhiwa miaka mingi. Watu ambao damu yao ya zamani ilikuwa na alama za bakteria huyu ndio walioelekea zaidi kupata saratani ya tumbo baadaye. Mwaka 1994 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, IARC, lilimweka H. pylori katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Mwaka 2001 Naomi Uemura na wenzake wa Japani walitoa ushahidi uliofunga mdomo wa wengi: walifuatilia wagonjwa 1,526 kwa wastani wa karibu miaka minane. Kati ya 1,246 walioambukizwa, 36 walipata saratani ya tumbo. Kati ya 280 wasioambukizwa, hakupata hata mmoja.

Ngazi ya Correa

Aliyeeleza njia ambayo mchochota hupitia hadi kuwa saratani ni Pelayo Correa, mwanapatholojia kutoka Kolombia. Alifanya kazi na watu wa jimbo la Nariño, milimani, walikokufa wengi kwa saratani ya tumbo. Alionyesha ngazi yenye vidato. Kwanza mchochota wa kudumu. Kisha tezi zinazotoa tindikali zinakufa, na utando unakuwa mwembamba. Kisha utando huo unabadilika na kufanana na wa utumbo, kama mwili unavyojaribu kujenga upya mahali palipoharibika kwa kutumia mbegu isiyo yake. Kisha seli zinaanza kupoteza mpangilio. Mwisho ni saratani. Kila kidato huchukua miaka, na wengi hawapandi hadi juu.

Bakteria wenyewe hawafanani. Wengine wana kifaa cha kuchoma sindano ndani ya seli ya mwenyeji na kumwaga humo protini iitwayo CagA, inayovuruga amri za kukua na kugawanyika kwa seli. Wengine hutoa sumu iitwayo VacA, inayotoboa seli mashimo. Chumvi nyingi na sigara huongeza mwendo. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba tindikali inapopungua, bakteria mwenyewe hupungukiwa na makao. Mgonjwa anaweza kufika hospitalini na saratani, akapimwa, asipatikane na H. pylori. Mwizi amekwisha kuondoka na nyumba inaungua.

Fumbo la Afrika

Mwaka 1992 daktari Holcombe aliandika katika jarida la Gut makala iliyotoa jina lililodumu: fumbo la Afrika. Hoja yake ilikuwa kwamba Waafrika wengi sana wana H. pylori, lakini saratani ya tumbo ni chache. Iwapo bakteria ndiye chanzo, mbona hivyo?

Majibu ya kweli yalitolewa, na yote yana uzito. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wenye minyoo ya utumbo hawakuharibika tumbo kwa Helicobacter felis, ndugu wa H. pylori, kama panya wasio na minyoo, kwa kuwa minyoo hupoza hasira ya kinga ya mwili. Watoto wengi wa Afrika wana minyoo. Jibu jingine lilitoka Kolombia. Watu wa Tumaco, mji wa pwani wenye wakazi wengi wa asili ya Afrika, na watu wa Túquerres, milimani, wote wameambukizwa kwa kiwango cha karibu 90 kati ya 100. Hata hivyo saratani ni mara 25 zaidi milimani. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mtu mwenye asili ya Afrika na bakteria mwenye asili ya Afrika wameishi pamoja muda mrefu mno kiasi kwamba madhara ni mepesi. Bakteria wa Afrika akiingia kwenye tumbo la mtu wa asili ya Amerika, hali huwa mbaya zaidi.

Lakini jibu moja lilikuwa rahisi zaidi, na lilikuwa karibu na kwetu. Saratani ya tumbo haionekani kwa macho, haipapaswi mapema, na dalili zake ni zilezile za vidonda. Ili kuigundua lazima kamera iingie tumboni na kipande kikatwe na kupelekwa maabara. Kamera inayopindika ilibuniwa mwaka 1957 na Basil Hirschowitz, aliyezaliwa Afrika Kusini, lakini kwa miaka mingi hospitali za mashambani Kenya hazikuwa nayo. Mtu wa Kuresoi au Subukia aliyekonda na kutapika alikufa nyumbani, na majirani wakasema ni vidonda, au ni kurogwa. Hakuna daftari lililomwandika.

Hospitali ya Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya, ilianzishwa na daktari wa misheni ya Uskoti, Archibald Irvine, mwaka 1922. Miongo mingi baadaye kamera ilifika huko. Mwaka 2001 Gordon McFarlane na wenzake walichapisha hesabu ya wagonjwa wa saratani ya tumbo waliogunduliwa, wakiiita makadirio ya chini kabisa kwa mashariki mwa Kenya. Ugonjwa uliosemekana kuwa adimu ulikuwepo, tena si haba. Miaka kumi kabla, mwaka 1991, madaktari wa Nairobi, miongoni mwao E. O. Ogutu na G. N. Lule, walikuwa wamekwisha kuandika katika East African Medical Journal kuhusu saratani ya tumbo kwa Waafrika wa Kenya. Mtaalamu wa Marekani, David Graham, alihoji fumbo lote: palipotazamwa vizuri, alisema, fumbo lilipungua.

Hadithi kama hiyo ilitokea kwenye ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Tenwek, katika Kaunti ya Bomet, ilikuwa zahanati ya misheni tangu mwaka 1937, na mwaka 1959 alifika daktari wake wa kwanza wa kudumu, Ernest Steury. Kamera ilipoanza kutumika huko, ilifichua wingi wa saratani ya koo la chakula, hata kwa vijana wasiofika miaka 30. Wenyeji walikuwa wakiiona kwa miaka kama ugonjwa wa kushindwa kumeza. Chanzo chake si H. pylori, lakini fundisho ni moja: saratani haihesabiwi mpaka mtu aitafute, na isiyohesabiwa haipewi dawa wala bajeti.

Nakuru ya leo

Tarehe 1 Desemba 2021 Nakuru ilitangazwa kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hospitali kuu ya mji, ambayo wengi bado huiita PGH (Provincial General Hospital), ni ya rufaa kwa kaunti nyingi za jirani, na katika miaka ya karibuni mji umepata kituo cha saratani chenye mashine ya mionzi. Hapo awali mgonjwa wa Nakuru aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alipanda gari hadi Hospitali ya Kenyatta, akapanga foleni na nchi nzima.

Maambukizi nayo hayajaondoka. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa mwaka 2010, kwa watu waliofika hospitalini wakilalamika tumbo, ulimkuta bakteria huyu kwa watoto 73 na watu wazima 55 kati ya kila 100. Yeyote anayefanya kazi katika duka la dawa Nakuru anaijua sura ya pili ya hadithi. Mtu huja na maumivu chini ya kifua, hununua vidonge vya kupunguza tindikali, anapata nafuu, anarudi mwezi ujao. Au anauziwa viuavijasumu vya siku tatu. Kuna njia iliyo bora, na si ya siri. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi huonyesha kama bakteria yupo sasa, tofauti na kipimo cha damu, ambacho huweza kuonyesha alama za maambukizi yaliyopita. Kabla ya kipimo cha kinyesi au pumzi, dawa za tindikali kama omeprazole huachwa wiki mbili na viuavijasumu wiki nne. Matibabu ni dawa ya kupunguza tindikali pamoja na viuavijasumu viwili au zaidi, kwa kawaida siku 14 bila kukatiza. Baada ya wiki nne au zaidi hupimwa tena kuhakikisha ameondoka. Anayekatiza dozi hulea bakteria sugu, naye atawapitisha kwa watoto wake.

Na ziko dalili ambazo hazingoji kipimo cha kinyesi: kukonda bila sababu, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kushiba baada ya matonge machache, kushindwa kumeza, upungufu wa damu usioelezeka. Huyo apelekwe kwenye kamera, hasa akiwa amepita miaka 40 au ana ndugu aliyekufa kwa saratani ya tumbo.

Tunajua kwamba safari ya kuelekea saratani inaweza kukatizwa. Mwaka 1993 madaktari wa London waliwatibu kwa viuavijasumu wagonjwa 6 wenye limfoma ya tumbo iliyotokana na bakteria huyu, na kwa 5 uvimbe ulirudi nyuma. Katika wilaya ya Linqu, China, watu walipewa dawa za wiki mbili mwaka 1995. Karibu miaka 15 baadaye saratani ya tumbo ilikuwa imepungua kwa 39 kati ya kila 100 ikilinganishwa na wasiopewa. Visiwa vya Matsu, Taiwan, vilianza kupima na kutibu wakazi wa miaka 30 na zaidi mwaka 2004, na saratani ikapungua kwa zaidi ya nusu. Faida ni kubwa zaidi kwa anayetibiwa kabla tezi hazijafa.

Watu wa Nakuru wanajua kupambana na kilicho ndani ya maji. Floridi ya visima vya Bonde la Ufa imewachora meno vizazi kadhaa, na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru kwa miaka mingi imetengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ili watoto wanaozaliwa leo wasiwe na meno ya kahawia. Alama ya floridi huonekana kila mtu anapocheka, na ndiyo maana jamii ilichukua hatua. H. pylori hana alama ya nje. Anahitaji kutafutwa kwa makusudi: maji ya bomba na vyoo katika mitaa ya kupanga na nyumba za vibarua, kipimo cha bei nafuu katika kila zahanati, kamera na mwanapatholojia katika hospitali za kaunti, na daftari la saratani linaloandika kila mgonjwa kwa kijiji chake. Gharama ya haya ni ndogo kuliko gharama ya kumkata mtu tumbo lililokwisha kuoza. Kaunti inayotaka kujua kama saratani ya tumbo iko Molo, Njoro au Naivasha ina njia moja tu ya kujua, nayo ni kutazama.